Kuketi kwa Utulivu kwa Njia ya Wakonfusio: Hatua kwa Hatua

Maswali ni yaleyale kila mara. Lazima nikunje miguu? Nifikirie nini? Dakika ngapi? Mbona nasinzia? Na lile ambalo watu huuliza pembeni, kwa sauti ya chini: hii si ibada ya watu wengine? Nimeona heri niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa kutenda, ili mtu akiuliza tena nimwelekeze hapa.

Njia yenyewe ni ya wanazuoni wa Kikonfusio wa China, yaani wafuasi wa mwanafalsafa wa kale Konfusio, tangu enzi ya Song iliyoanza mwaka 960 hadi Ming ilipoanguka mwaka 1644. Wenyewe waliiita jingzuo, yaani kuketi kwa utulivu. Hawakuwa watawa. Zhu Xi (1130–1200), ambaye jina lake utakutana nalo kila kona ya elimu hii, alianza kazi kama karani wa wilaya huko Tong'an. Wang Yangming (1472–1529) aliongoza majeshi na kuzima maasi. Walikuwa na familia, wakubwa wa kazi wasiopendeka, na kesi za watu za kuamua. Waliketi ili wakiinuka waweze kuyakabili hayo bila moyo kuyumba. Ndiyo maana hatua ya mwisho katika mwongozo huu, ile ya kuinuka, ni kubwa kuliko zote, na ndiyo wanaoanza huiruka.

Nadharia nitakupa kiduchu. Zhongyong, moja ya vitabu vyao vya kale, kinataja hali ya moyo kabla ya furaha, hasira, huzuni na raha kuchomoza. Waliamini kwamba hapo moyo uko sawasawa, na kinachouvuruga ni tamaa na mawazo ya ovyo. Zhu Xi alieleza faida ya kuketi kwa ufupi: akili isipotulia, maarifa hayana pa kutua. Hayo yanatosha kuanzia.

Kabla hujaanza

Kuhusu ibada: katika kuketi huku hakuna anayeabudiwa, hakuna maneno ya kukariri, wala hakuna wa kukuingiza chamani. Wanazuoni hawa walikuwa na matambiko yao kwa wazee waliotangulia na kwa Konfusio, lakini hiyo ni shughuli nyingine. Udi utakaousikia ukitajwa ulikuwa pia saa yao, maana muda ulipimwa kwa kijiti kinavyoungua. Ukikusumbua dhamiri, uache.

Andaa vitu hivi:

- Kiti kigumu, kigoda au mkeka. Kochi halifai, utajua kwa nini ukifika hatua ya 2.
- Nguo safi zisizobana. Kanga au msuli ni sawa, mradi umevaa kama mtu anayetarajia mgeni.
- Kipima muda. Simu inafaa kama utaizima mlio wa ujumbe na kuiweka nyuma yako.
- Bakuli tupu, na maharage ya rangi mbili, meupe na meusi. Ukikosa meusi, tumia punje za mahindi na kunde nyekundu.
- Kitabu kimoja kinachodai kitu kwenye mwenendo wako. Wao walisoma Mazungumzo ya Konfusio na maandishi ya Mencius, mfuasi wake wa baadaye. Cha kukuliwaza hakifai hapa.
- Dakika 15 za kuketi asubuhi na nyingine 15 za kusoma, kabla watu hawajaanza kukuita.

Hatua ya 1: Lipa deni la usingizi

Gao Panlong (1562–1626), mmoja wa waliofufua Chuo cha Donglin huko Wuxi mwaka 1604, aliandika kanuni za kuketi siku 7. Siku ya kwanza haanzi na kuketi. Anasema ulegeze mwili, na ukitaka kulala ulale, mpaka uchovu wote uoshwe. Baada ya hapo ndipo uingie chumbani na kuwasha udi.

Kama umelala kwa muda wa saa nne tu, usiketi leo. Rudi kitandani. Mtu aliyekesha akifumba macho anasinzia tu, kisha anakuja kusema njia hii haimfai.

Hatua ya 2: Panga mwili

Nyoosha mgongo bila kujikaza. Mikono ipumzike mapajani. Kukunja miguu si sharti. Gao na wenzake wa enzi ya Ming walikunja, lakini ukiketi kitini, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni, hujapungukiwa na kitu.

Kisichokubalika ni kujibwaga. Cheng Yi (1033–1107) aliulizwa kama mtu anaweza kukaa ametanua miguu ovyo na moyo wake usilegee. Akajibu kwa swali: amewahi kuonekana wapi mtu wa namna hiyo? Zhu Xi naye alipoandika maonyo ya kubandika chumbani mwake, alianza na kunyoosha kofia na nguo, kisha kutuliza macho, ndipo akaingia kwenye moyo. Mpangilio huo si wa bahati mbaya. Kola iliyokaa vizuri utaiweza leo, na moyo utafuata kwa wakati wake.

Hatua ya 3: Anza na pumzi, lakini usiishi huko

Fumba macho nusu, uelekeze uoni kwenye ncha ya pua, na uache pumzi iingie na kutoka yenyewe. Zhu Xi aliandika shairi fupi kuhusu kurekebisha pumzi, na linaanza na weupe unaoonekana kwenye ncha hiyo ya pua. Usiihesabu wala kuizuia. Dakika mbili tatu zinatosha. Pumzi ni mlango tu, na wapo wanaobaki mlangoni miaka.

Ukiona kufumba kabisa kunakufaa zaidi, fumba. Macho ya Zhu Xi yalipofifia, alimwandikia rafiki yake kwamba kuketi amefumba macho kumemsaidia kuukusanya moyo uliokuwa ukizurura nje, hata anasikitika hakupofuka mapema. Maneno hayo yanatoka kwa mtu aliyeishi kwa kusoma vitabu.

Hatua ya 4: Mweke mwenyeji ndani

Hapa ndipo swali la "nifikirie nini" linapojibiwa, na ndipo wengi wanapokwama.

Ndugu wawili Cheng, yaani Cheng Yi niliyemtaja na kaka yake Cheng Hao (1032–1085), walifundisha kwamba kuyafukuza mawazo ni sawa na kulinda nyumba mbovu dhidi ya wezi. Unamkimbilia aliyeingia upande wa mashariki, hujammaliza, mwingine yumo kwa mlango wa magharibi. Dawa yao ni nyumba kuwa na mwenyewe, si kuongeza mbio.

Kwa vitendo, mwenyewe huyo ni hali ya kuwa makini kwa heshima, ileile inayokuja mtu unayemstahi sana anapoingia chumbani na wewe ukajikuta umekaa vizuri bila kuambiwa. Iamshe hali hiyo na uishikilie kwa wepesi. Usitafute utupu. Zhu Xi alisema wazi kwamba kuketi huku hakulengi kukata fikra zote kama wanaotafakari kwa njia ya Kibudha. Unaukusanya moyo usikimbilie mawazo ya ovyo, basi. Lijapo jambo unalishughulikia, na likiisha unarudi.

Basi wazo likizuka, liulize: hili ni jambo au ni uzururaji? Kama ni jambo la kweli, mfano ada ya shule ya mtoto inayotakiwa Ijumaa, lifikirie mpaka uamue, kisha liache. Kama ni marudio ya ugomvi wa juzi, na majibu makali ambayo hukuyatoa, usibishane nalo. Rudi kwenye kuketi kwako.

Hatua ya 5: Hesabu kwa maharage

Zhu Xi aliwasimulia wanafunzi habari za Zhao Gai, ofisa wa karne ya 11. Alikuwa na chombo cha kutilia maharage. Likimjia wazo jema anatia jeupe, likija baya anatia jeusi. Mwanzoni meusi yalijaa. Baadaye meupe yakazidi. Baadaye tena meusi yakakoma, na mwishowe hata meupe hayakuwepo.

Fanya hivi dakika tano za mwisho, au jioni ukipitia siku yako. Ukihesabu muda wote wa kuketi, mkono utakuwa kwenye bakuli na moyo pia. Andika idadi kwenye daftari na uishie hapo. Usimwoneshe mtu. Na wiki ya kwanza usishangae bakuli likiwa jeusi. Siku ambayo ni jeupe tupu ndiyo ya kutilia shaka.

Hatua ya 6: Jishtaki (mara moja kwa wiki, si zaidi)

Hii ni ya Liu Zongzhou (1578–1645), na ndiyo ngumu kuliko zote za kuketi. Alfajiri ikishapambazuka, weka juu ya meza safi kijiti cha udi na bakuli la maji, mkeka chini yake. Inama mara moja, keti, tuliza pumzi na uso. Kisha ujisomee mashtaka yako: wewe ni binadamu kamili, ukiteleza unakuwa mnyama, ulifanya hili na hili. Unajibu, "Ndiyo." Liu anaeleza uso unavyowaka na jasho linavyotoka, kama mtu aliyesimama mahakamani kweli. Ukishakiri bila kujitetea, pumzi inasafika polepole, na unabaki umeketi bila mshtaki wala mshtakiwa. Hapo ndipo alipotaka ufike. Baadaye alilibadilisha jina zoezi hili, akaliita njia ya kuketi kwa utulivu tu.

Taja kosa lenye mahali na wakati. "Nina hasira" haitoshi. "Jumanne nilimfokea dada wa kazi mbele ya wageni kwa sababu ya chai" ndiyo mashtaka.

Onyo: kama tayari moyo wako unakuhukumu mchana na usiku, huna hamu ya kula wala ya watu, ruka hatua hii kabisa. Iliandikwa kwa watu wanaojisamehe upesi. Wewe zungumza kwanza na daktari au mtu unayemwamini.

Hatua ya 7: Soma ukurasa mmoja

Ukimaliza kuketi, fungua kitabu kabla hujafungua simu. Soma kidogo, kwa sauti ukiweza, mara mbili au tatu. Zhu Xi alimshauri mwanafunzi mmoja aketi nusu siku na asome nusu siku. Nusu siku huna, lakini uwiano unao: robo saa kwa robo saa.

Hatua ya 8: Inuka, na uende na utulivu huo

Usiruke kama umeitwa na moto. Fungua macho, sugua mikono, simama, tembea hatua chache. Sasa ndipo kazi inaanza.

Mwalimu wa Zhu Xi, Li Tong (1093–1163) wa Fujian, ni mfano mzuri kuliko maelezo yoyote. Ujanani alikuwa mtu wa purukushani, wa kulewa usiku na kurudi nyumbani akimkimbiza farasi. Zhu Xi alipomkuta alikuwa mwingine kabisa, na mambo aliyoyakumbuka juu yake ni madogo mno. Watu wakienda karibu hutembea taratibu, wakienda mbali huharakisha. Li Tong alikuwa na mwendo mmoja. Mtu akiita mara mbili asiitikiwe, sauti hupanda. Ya Li Tong ilibaki ileile. Na akiwa ameketi mahali penye maandishi ukutani, hakuinua shingo kuyachungulia kama ambavyo Zhu Xi mwenyewe alizoea kufanya. Akitaka kuyasoma, alisimama, akaenda mpaka ukutani, akayasoma.

Chagua kimoja kati ya hivyo vitatu kila wiki. Mimi ningeanza na sauti: leo ukimwita mtoto mara ya tatu, ita kwa sauti ya mara ya kwanza. Utaona ni kazi ngumu kuliko kukaa kitini robo saa.

Wang Yangming alilisukuma hili mbele zaidi. Mwanafunzi mmoja alimlalamikia kwamba akiwa peke yake kimya moyo unakuwa mzuri, akikutana na shughuli unageuka. Wang akamwambia anajua kulea utulivu tu, na kwamba mtu lazima anolewe ndani ya shughuli ndipo asimame imara. Mara nyingine mwanafunzi wake Lu Cheng alipata barua kutoka nyumbani kwamba mwanawe ni mgonjwa mahututi, akazidiwa na huzuni. Wang hakumwambia asihuzunike, maana upendo wa baba ni wa haki. Alimwambia kwamba huu ndio wakati hasa wa kufanya mazoezi, na akiuacha upite, kujifunza kwake kote wakati wa raha kutakuwa na faida gani? Hata huzuni ina kipimo chake, na kupita kipimo ni kujipotosha.

Kwa hiyo simu ya msiba, foleni ya benki na mwenye nyumba anayedai kodi ni mwendelezo wa kile ulichofanya asubuhi.

Makosa ya kawaida

*Kung'ang'ania.* Cheng Hao alikuwa ameketi bila kazi kwenye ghala huko Chang'an, akahesabu kwa macho nguzo za ukumbi mrefu. Hakuwa na shaka na hesabu yake. Akarudia kuhesabu, zikatofautiana. Ikabidi amwite mtu azihesabu moja moja kwa sauti, na ikawa hesabu ya kwanza ndiyo sahihi. Akaelewa kwamba kadiri unavyoukaba moyo ndivyo unavyozidi kuyumba. Ukijikuta unakagua kila dakika kama umetulia, unahesabu nguzo mara ya pili.

*Kushika neno moja.* Sima Guang, mwanahistoria mkubwa wa enzi hiyo, alisumbuliwa na mawazo usiku. Akasema amepata mbinu, anafikiria tu neno "katikati". Mmoja wa ndugu Cheng alimwonea huruma: sasa amefungwa na hilo neno, heri angepewa tasbihi.

*Kupenda ukimya.* Hili ndilo baya zaidi, kwa kuwa linafanana na mafanikio. Wang Yangming aliwafundisha vijana wa Chuzhou kuketi kwa sababu walipenda mno mabishano ya maneno. Walipata nafuu ya haraka. Baada ya muda wakaanza kuchukia kila shughuli na kukauka kama kuni, naye akabadilisha mafundisho. Dalili kwako ni moja: watu wa nyumbani wakikuita baada ya kuketi, unawaona ni usumbufu.

Yan Yuan (1635–1704) aliishambulia njia hii nzima kwa sababu hiyo. Aliudhihaki ushauri wa Zhu Xi: nusu siku mtawa wa Kibudha, nusu siku mchambua vitabu, sasa ni saa ipi ya siku unaishi kama Konfusio? Nadhani alizidisha, lakini swali lake linafaa kubandikwa ukutani.

Matatizo na dawa zake

*Nasinzia.* Rudi hatua ya 1. Kama umelala vya kutosha, angalia tumbo: usiketi mara baada ya kula. Gao aliagiza kutembea polepole hatua 100 baada ya chakula, na kupunguza pombe na nyama kwa kuwa huleta uzito. Fungua macho, au keti karibu na dirisha.

*Miguu inakufa ganzi.* Hamia kitini. Hakuna thawabu ya maumivu.

*Mawazo yamezidi kuliko kabla sijaanza.* Hayajazidi, sasa unayaona. Endelea.

*Kelele za jirani, bodaboda, redio.* Sauti ikiingia, isikie, ipite. Ukingoja mtaa unyamaze hutaketi kamwe, na utakuwa unajifunza kutegemea mtaa.

*Naona mwanga, au nahisi mwili unaelea.* Fungua macho, simama, kafagie uwanja. Wanafunzi wa Chuzhou nao waliona ya kuona, na hayo ndiyo yaliyowanasa.

*Hakuna kinachotokea.* Gao alisema kuketi hakutaki mpango wowote, ni jambo la kawaida kabisa, unanyamaza tu. Zhu Xi aliupa ule ushauri wake wa nusu kwa nusu mwaka mmoja au miwili. Usijipime kwa wiki, na usijipime mwenyewe. Baada ya miezi kadhaa muulize anayeishi nawe kama sauti yako imebadilika. Usimwambie kwa nini unauliza.

*Nilikuwa naendelea vizuri, kazi ikanimaliza, nimeacha.* Kwa hili Gao aliweka zile siku 7: ukichoka kwa kushughulika na mambo, jitenge wiki moja. Siku ya kwanza lala. Kisha keti, tembea, kula kidogo, lala bila kubadili nguo usingizi ukija, na ukizinduka tu, inuka uketi tena. Ukiwa na likizo, jaribu. Usipopata siku 7, Jumamosi na Jumapili zitafaa, ila simu abaki nayo mtu mwingine, na wa nyumbani waambiwe mapema wasije wakadhani unaumwa.